Jina la Mama Kwenye Kompyuta

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia benki alikofanya kazi mama yake. Aliketi kwenye benchi karibu na mlango, akafanya hesabu zake huku akisubiri warudi nyumbani pamoja. Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Alasiri moja mama alitoka mapema. Mlinzi alimfuata nyuma kama anayefukuza kuku sebuleni. Watu kwenye foleni waligeuza shingo.

"Mama, kuna nini?"

"Twende nyumbani, mwanangu."

Njiani ndipo alipoeleza. Mtu alikuwa amebadilisha namba ya simu ya mteja mmoja, muuguzi mstaafu, ili ujumbe wa benki usimfikie, kisha akahamisha akiba yake yote. Kompyuta ilionyesha kuwa aliyefanya hivyo Ijumaa asubuhi ni mama.

Chiriku alisimama ghafla. "Ijumaa asubuhi? Si ulikuwa shuleni kwetu, kwenye mkutano wa wazazi?"

"Nimemwambia meneja. Anasema kompyuta haisemi uongo."

Chiriku alipandwa na hasira. Kesho yake mama alipoitwa mbele ya mkaguzi kutoka makao makuu, Chiriku alimng'ang'ania mkono mpaka wakaingia wote.

"Jina ni lake, neno la siri ni lake," meneja alisema. "Tunataka ushahidi gani zaidi?"

"Kompyuta imeona jina, haijamwona mtu!" Chiriku alifyatuka. "Mwalimu wetu ni shahidi!"

"Wewe mtoto, nyamaza!"

"Mwache aseme," alisema mkaguzi, mwanamke mwenye sauti ya upole. Akamgeukia mama. "Dada, nani mwingine analijua neno lako la siri?"

"Msaidizi wa meneja. Anayo ya makarani wote. Meneja alituamuru tumpe, eti foleni isikwame tusipokuwepo. Nilipokataa, niliambiwa najifanya mjuaji, mwishowe nikampa."

Meneja aliinamisha kichwa. Mkaguzi alipiga simu shuleni, akathibitishiwa kuwa mama alikuwa mkutanoni, kisha akaagiza picha za kamera ziletwe. Kwenye kiti cha mama, Ijumaa ile, alionekana msaidizi wa meneja akibofya harakaharaka huku akitupa macho mlangoni.

"Kwa hiyo mlimtoa mama yangu kama mwizi," Chiriku alisema, "bila hata kumuuliza mtu mmoja!"

Msaidizi alikabidhiwa polisi, na benki ikamrudishia muuguzi akiba yake. Meneja alitaka kuomba radhi ofisini, mlango umefungwa. Mama akakataa katakata.

"Mlinidhalilisha mbele za watu. Niombeni radhi mbele za watu."

Ikawa hivyo, ukumbini, wateja wakisikia.

Baadaye benki iliweka mwongozo wa kusimamia mifumo yake yote ya kompyuta. Hakuna tena kumpa mtu neno la siri, hata awe bosi. Taarifa za mteja hazibadilishwi mpaka mtu wa pili athibitishe, na wakurugenzi wenyewe watawajibika mambo yakiharibika.

"Wengi hudhani taratibu hizi ni usumbufu," mkaguzi alimwambia Chiriku walipokutana tena. "Kumbe zinamlinda mteja asiibiwe, na zinamlinda mfanyakazi mwaminifu asibebeshwe kosa la mwizi. Mkubwa akikuamuru uzivunje, kataa. Na ukiona mtu anaonewa, mwanangu, usinyamaze."

"Hilo la kutonyamaza," mama alisema akicheka, "huyu hahitaji kufundishwa."