Gauni la Rangi ya Minji

Kiuno cha gauni kilikuwa kimepungua. Awiti alilipima pale juu ya sanamu la kushonea, akalipima tena, kwa sababu macho ya fundi aliyekula chumvi nyingi huwa na uongo wao. Safari hii hayakudanganya. Jana alikuwa amelishona kwa kipimo cha Wacuka, bibi harusi wa mtaa wa Komarock, msichana mwenye kiuno cha kula akashiba. Leo kiuno kilikuwa chembamba, na mshono ulikuwa mzuri kuliko wake.

"Uzee huu," akajisemea, akafumua, akashona upya.

Gauni lenyewe lilitosha kumtia mtu wazimu hata bila jini. Wacuka alikuja na picha ya harusi ya nyanya yake: sketi iliyotanda kama kengele, kola ndogo, vifungo vilivyovikwa kitambaa vikishuka mgongoni kote. Picha haikuwa na rangi, na ukoo mzima uliamini gauni lile lilikuwa jeupe, mpaka bibi kizee mwenyewe alipocheka akasema lilikuwa la kijani. Kijani cha minji changa, njegere mbichi.

"Basi na mimi nataka hiyo hiyo, Mama Aoko," Wacuka alimwambia Awiti. "White ya nini, na majirani wote wa plot wanajua nimekaa na Ngigi miaka yote hii?"

Kitambaa walikipata Eastleigh kwa Habibo, rafiki wa Awiti tangu waume zao walipokuwa hai. Ilibaki kazi ya sanamu.

Sanamu hilo Awiti alilitengeneza mwenyewe, mle mle katika nyumba ya wafanyakazi wa reli aliyoachiwa na marehemu mumewe pale Makongeni. Lilikuwa gunia juu ya kigingi cha miguu mitatu, limeshindiliwa nguo kuukuu mpaka likawa na kifua, kiuno na nyonga za mtu. Mtu huyo alikuwa Aoko, binti yake wa pekee. Alilijaza kwa sare za shule, blauzi na leso za binti huyo, ili amshonee gauni la harusi bila kumtoa kazini kila siku. Harusi haikufika. Msimu wa mvua Aoko alishikwa na kifua, akakohoa, akafa.

Wakampeleka Alego, kijijini kwa baba yake. Na kwa kuwa msichana asiyeolewa hana boma lake, na mila haimruhusu kulala ndani ya boma la baba yake, wazee walimchimbia kaburi nje ya ua. Mvua ilinyesha siku hiyo. Awiti alisimama akitazama udongo wa nje ya ua ukigeuka tope juu ya mwanawe, na hakuna aliyemuuliza moyo wake unasema nini.

Kila fundi anajua kwamba mteja mpya akija, sanamu hufunguliwa likajazwa upya kwa mwili wake. Awiti hakuweza. Alifunga tabaka la pamba juu ya gunia mpaka likanenepa kama Wacuka, akaendelea na kazi. Na kwa vile nyumba ilikuwa kimya mno, akawa analisemesha.

"Aoko, simama wima." Au, "Aoko, huyu Wacuka ana maneno, wewe!"

Asubuhi baada ya asubuhi alikuta pamba imefunguliwa, imekunjwa vizuri juu ya kiti, na gauni limebanwa kiuno. Chumba kilinukia mafuta ya nazi, yale ambayo Aoko alipaka nywele, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo uliolowa.

Alasiri moja ya mvua, stima zikiwa zimepotea na taa zimezimika, Awiti alikuwa amepiga magoti akikunja pindo, pini mdomoni, aliposikia mtu akisema juu ya kichwa chake, kwa upole:

"Kaza kidogo, mama."

Ndivyo Aoko alivyosema kila alipopimwa nguo, maana alipenda kiuno kibane. Mtu mwingine angekimbia mpaka Jogoo Road bila viatu. Awiti alitoa pini mdomoni moja moja, akainuka akilia, akakaza.

Tangu siku hiyo akawa na furaha, na ndilo jambo la kutisha kuliko yote. Alipika ugali wa watu wawili. Akina mama wa kanisa walipobisha, aliwajibu dirishani kwamba ana kazi nyingi. Hakufumua tena.

Kisha Wacuka akaja kujaribu gauni. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na alikohoa kabla hajasalimia.

"Ni stress ya harusi tu, Mama Aoko. Usinicheki na hayo macho."

Gauni ambalo halikupaswa kumpita hata mabegani lilimkaa sawasawa. Awiti alifunga vifungo kutoka chini kwenda juu, na alipofika kwenye kola aliinua macho akatazama kioo, akaona bega la kushoto la Wacuka likishuka polepole kama Aoko alivyokuwa akisimama, na shingo ikipinda kama Aoko alivyokuwa akiipinda, na midomo ya msichana yule wa Kikuyu, ambaye hakuwahi kujua Kijaluo zaidi ya salamu, ikifunguka na kusema kwa sauti isiyo yake, "Mama, koth goya." Mama, mvua inaninyeshea.

Wacuka akashtuka kama aliyeamshwa. "Nimesema nini?"

"Hakuna. Vua, mwanangu. Vua haraka."

Siku hiyo hiyo Awiti alikwenda Eastleigh. Babake Habibo alikuwa mtu wa kusomea wagonjwa wa majini, na Habibo alikuwa amemsaidia tangu utotoni. Alisikiliza akiwa ameshika jora la bitana, asilishushe.

"Dada, huyo si Aoko," alinong'ona.

"Sauti ni yake, Habibo."

"Jini anavaa sauti kama bibi harusi anavyovaa gauni. Wewe umeita kila siku jina ambalo mwenyewe haitiki tena. Ameitika mwingine. Gunia alikuwa anajifunzia tu. Sasa anataka mwili."

"Na nikimwacha?"

"Utakuwa na binti, na nyanya yake Wacuka atazika mjukuu."

Awiti alijifunika uso kwa leso. Nasema wazi: kwanza alimpima Aoko dhidi ya Wacuka, jambo ambalo mama mwenye haya hawezi kulisimulia, ndipo akasema, "Njoo kesho."

Kesho yake Habibo alikuja na chetezo na ubani. Walilivua sanamu lile gauni. Habibo akaanza kusoma, moshi ukajaa chumba, na Awiti, ambaye aliambiwa kwamba kazi ya kufungua ni yake na hakuna mwingine awezaye kumfanyia, alishika mkasi akakata mshono wa gunia kutoka shingoni, akatoa blauzi, akatoa sare ya shule yenye wino mfukoni, akatoa leso moja baada ya nyingine, zote zimelowa chepechepe na kunuka tope ingawa paa halikuvuja, huku sauti ikimsihi kutoka ndani, mama usinitoe, mama mlinilaza nje ya ua mvua ikinyesha, na wewe pia unanitoa nje, mama, mpaka gunia likawa tupu, nayo sauti bado ikaendelea.

"Sema," Habibo alimwambia.

"Mwanangu amekufa," Awiti alisema. Alikuwa hajawahi kuyatamka maneno hayo. "Aoko wangu amekufa. Yuko Alego. Wewe sikujui. Toka."

Mlango ukafunguka wenyewe, ubani ukavutwa nje kwa mkupuo mmoja, kukawa kimya.

"Atakuja kubisha," Habibo alisema wakizichoma zile nguo. "Hawezi kuingia tena asipokaribishwa. Usimfungulie, dada. Nakuomba."

Wacuka alinenepa tena, Awiti akafumua kiuno kwa mara ya mwisho. Siku ya harusi sketi ya kijani ilizunguka kanisani watu wakashangilia, na yule bibi kizee alishika pindo kwa vidole viwili akasema, "Ndiyo yenyewe." Awiti alipiga vigelegele pamoja na wengine. Kisha akarudi Makongeni, kwenye chumba chenye kigingi kitupu.

Jioni mvua ikaanza. Alikuwa anapika ugali wa mtu mmoja aliposikia kubisha, taratibu, chini ya mlango, kama anayebisha amechuchumaa.

"Mama. Koth goya."

Alijua si Aoko. Alijua kama anavyojua mkono wake mwenyewe. Alimkumbuka Habibo, akamkumbuka Wacuka, akaliapia jina la Mungu kwamba hatafungua. Nje kikohozi kikaanza, kile kile, cha kifua kilichojaa maji.

Awiti aliepua sufuria, akachukua taulo kavu, akafungua mlango.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Usije ukashikwa na kifua tena."