Kapsuli za Anti Lornah

Wakazi wote wa Jamhuri wanatangaziwa kwamba uhalifu mzito umetendeka na taifa limetikisika. Yaani, Anti Lornah amefungua chupa yake ya kapsuli, akakuta ya juu kabisa imeachama, na ndani yake mna kakao.

Ilikuwa Jumamosi, Agosti 2006, saa moja asubuhi. Musembi, mchuuzi wa River Road, ndiye aliyemwuzia kapsuli hizo za antioksidanti, akiapa kwamba zitamsafisha mafuta na kumshushia sukari. Daktari alisema hazijathibitishwa; aendelee na dawa zake na atembee. Lakini Anti, mwenye kilo zake mia na kitu, alijiona mwepesi. Juzi alikuwa ametangaza mezani, "Jumatatu naachana na dawa za hospitali."

Mumewe, Anko Were, ni afisa wa upelelezi. Alimwita Musembi, naye akafika saa tatu akitokwa jasho.

"Umeuzia bibi yangu kakao?"

"Afande, chupa yangu hutoka ikiwa imefungwa na plastiki! Uliza watu wa hii nyumba."

Macho yakamgeukia Nzula, mfanyakazi wa nyumbani.

"Mimi? Kakao ningetoa wapi? Hapa hata maziwa mnapima na kijiko!"

Mimi, Okinyi, niliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni, nilijiteua karani wa uchunguzi. Nilipendekeza Musembi afungwe maisha.

Anko alichukua kapsuli nyingine, akaiminya. Haikumwaga unga. Ilitoa uji mzito unaong'aa. Akaunusa.

"Majarini. Okinyi, nani huchanganya kakao na majarini?"

"Watu wengi, Anko."

"Nimekaa bweni miaka minne. Tulikuwa tunapaka hiyo kwa mkate. Nje ya bweni sijaiona." Akanisogelea. "Na mjanja wa kujaza chupa nzima anasahauje moja wazi, tena juu?"

Kalamu ilinianguka.

"Sikusahau," nikasema. "Nilizijaza wiki mbili zilizopita, nione kama Anti atajisikia mwepesi kwa kakao. Nilicheka mpaka juzi, aliposema anaacha dawa. Nikaogopa kumwambia. Leo asubuhi nikaacha moja wazi ili aione."

Anti aliitazama chupa.

"Kwa hivyo wepesi wangu wote ni kakao?"

"Na majarini, Anti. Kama sukari imeshuka, ni zile za hospitali."

Musembi alikuwa ameshaufikia mlango. Anti hakumwangalia. Alifungua mkoba, akatoa dawa za daktari, akanifyonya.

"Lete maji, shetani wewe."