Sanduku la Dawa za Samaki

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Raghad aliwasha taa ya tangi la samaki lililokuwa sebuleni kwao, Bagamoyo, akawahesabu wakazi wake. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Bwana Arusi, yupo. Bibi Arusi, yupo. Hao walikuwa samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, nao walipewa majina hayo kwa sababu hawakuachana hata kidogo. Kisha alimtafuta Kinyozi. Huyu alikuwa kamba mwenye masharubu marefu meupe. Kazi yake ilikuwa kuwasafisha wenzake miili, na wenzake walitulia mbele yake kama watu wanaongoja zamu ya kunyolewa.

Tangi hilo lilikuwa la maji ya bahari, na ndani yake mlikuwa na matumbawe hai, mengine ya zambarau, mengine ya kijani. Baba yake, Bwana Muataz, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakuyavunja baharini, maana hilo ni marufuku. Alipewa vipande vidogo na rafiki yake anayeyaotesha, akavilea kwa miaka mitatu. Maji aliyachota pwani ya Mlingotini bahari inapojaa, akayaweka akiba kwenye pipa la uani. Bi Ibtihal, mama yake Raghad, alizoea kumtania mumewe kwamba katika nyumba hii wanaodekezwa ni samaki, binadamu wanajitegemea.

Jumapili moja baba alijiandaa kwenda Tanga kwa siku nne kutafuta bidhaa za duka. Kabla hajaondoka, alimpa Raghad sanduku jeupe la plastiki na karatasi iliyokunjwa.

"Sasa una miaka kumi na miwili," alimwambia. "Nataka tangi letu liwe na sanduku la dawa, kama lile la huduma ya kwanza shuleni kwenu. Lijaze wewe. Vitu vyote nimeviandika humo."

Raghad alijiona mkubwa kweli. Kesho yake, baada ya masomo, alipita madukani na karatasi mkononi. Cha kwanza kilikuwa daftari na kalamu, na baba alikuwa ameongeza: "Kila kinachoingia ndani ya maji kiandikwe hapa, siku hiyohiyo." Kikafuata kipima joto, halafu kioo cha kukuzia vitu, halafu mfuko wa mkaa wa kuchujia maji uliokuwa stoo. Karatasi ilitaja pia ndoo mpya isiyowahi kuguswa na sabuni, ya kumtenga mgonjwa. Dawa ilikuwa moja tu, tena ya mwisho kabisa, na pembeni yake baba aliandika: "Hii nitakuja nayo. Ni ya ndani ya ndoo tu. Ikiingia tangini itamuua Kinyozi pamoja na matumbawe."

Ndoo hakuinunua. "Ndoo tunazo tele nyumbani," alijisemea, akapita.

Jioni hiyo alikuja Hope, jirani yao aliyesoma naye darasa la sita. Raghad alikuwa amemsimulia habari za sanduku siku nzima, basi akamfunulia kwa madaha. Hope alichungulia, akashika kiuno.

"Makubwa! Sanduku la dawa halina dawa hata moja? Hilo daftari litamtibu nani, Raghad?"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Raghad alicheka naye, lakini maneno yale yalimchoma. Hope alipoondoka, alipanda juu ya kiti, akateremsha kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Biskuti ziliisha zamani. Mlikuwa na mabaki ya dawa za nyumba nzima: vidonge vya homa, nusu chupa ya dawa ya kikohozi, na vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki mama alipougua kifua, akaacha kumeza mara tu alipopata nafuu. Raghad alivipanga vizuri sandukuni. Sanduku likajaa, likapendeza. Daftari alilisukuma chini kabisa.

Jumanne alirudi kutoka shule akakuta mama amekwenda kwenye maulidi mtaa wa pili. Alilisogelea tangi, akashtuka. Bibi Arusi alikuwa na vinukta vyeupe mwili mzima, vidogo kama chembe za chumvi, na alikuwa akijikuna kwenye mawe kwa nguvu. Bwana Arusi alimzunguka asijue la kufanya.

Raghad aliijua karatasi kwa kichwa. Mgonjwa atengwe. Atengwe wapi? Ndoo zote za nyumbani zilikuwa za kufulia. Angeweza kumpigia baba simu, lakini swali la kwanza la baba lingekuwa la ndoo, na hilo hakutaka kuulizwa. Akalitazama sanduku lake lililojaa. Vidonge vya rangi mbili vilimponya mama, mtu mzima, sembuse samaki wa kuenea kiganjani? Alifungua vidonge vinne, akamwaga unga wake ndani ya tangi.

Hadi jioni maji yalikuwa ya rangi ya chai, na povu limetanda juu. Matumbawe yalijikunja yote. Baba alipiga simu kabla ya magharibi, kama desturi yake anaposafiri.

"Wazima huko? Na maarusi wangu?"

"Maji yamechafuka, baba. Yana povu," Raghad alisema.

"Yana povu? Umeme ulikatika nini?"

Baba mwenyewe ndiye aliyempa jibu. Alichotakiwa ni kuitikia tu.

"Ndiyo, baba. Mchana."

"Ah, basi hewa imepungua kidogo. Usiwabadilishie maji, utawashtua bure. Iache pampu ifanye kazi, kesho yatatulia."

Maji hayakutulia. Jumatano alfajiri Raghad aliwasha taa akamkuta Kinyozi amelala ubavu juu ya mchanga, masharubu yake hayatikisiki. Samaki wote wawili walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakitweta. Raghad alipiga ukelele uliomfanya mama aje mbio na ushungi wake mkononi.

"Mwite Mama Hope, haraka!" mama alisema.

Mama Hope, Daktari Evarista, alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa tayari amevaa buti, akiitoa pikipiki aende Makurunge kuchanja mbuzi. Aliingia na Hope nyuma yake.

"Shikamoo," Raghad alisema huku akilia.

"Marahaba, mwanangu. Mie ni wa ng'ombe na mbuzi, samaki nimewazoea kwenye sahani. Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Hebu niambie, kimetokea nini?"

Mama alijibu haraka, "Umeme ulikatika jana, sikuwepo. Baba yake kasema wasibadilishiwe maji."

Daktari aliinama mbele ya kioo, akatikisa kichwa. "Basi mwenye tangi ndiye anayelijua. Kama ni umeme, hatuna cha kufanya ila kusubiri." Akachukua kofia yake ya pikipiki.

Raghad alimtazama Bibi Arusi. Mdomo wake ulifunguka, ukafunga, ukafunguka tena, polepole kuliko mwanzo. Daktari alikuwa amefika mlangoni. Akitoka, basi. Hope alikuwa akimtazama, mama alikuwa akimtazama, naye aliona aibu kubwa.

"Mama Hope, subiri!" alipaza sauti. "Umeme haukukatika. Nilitia vidonge vya rangi mbili. Vinne."

Daktari alirudi, akaweka kofia mezani.

"Umefanya vizuri kusema. Mama Raghad, mpigie baba sasa hivi."

Baba aliposikia, alitoa maagizo upesi upesi. Watoe nusu ya maji. Watie maji safi ya akiba kutoka kwenye pipa la uani. Ule mkaa utiwe kwenye kichujio ili uinyonye dawa. Mama alikunja mikono ya baibui. Hope alikimbia dukani bila kutumwa mara mbili, akarudi na ndoo mpya ya bluu kichwani kama kofia. Bibi Arusi alitengwa humo. Raghad na Hope walichelewa shule, na Daktari akawaandikia barua. Kufikia adhuhuri povu lilikwisha, na Bwana Arusi akashuka chini kuogelea.

Alhamisi baba alirudi. Hakugomba. Raghad alitamani agombezwe, yaishe. Baba alimtazama Bibi Arusi ndani ya ndoo kwa muda mrefu, kisha akafungua sanduku. Vidonge havikuwemo tena. Mama alikuwa amevirudisha koponi na kulipeleka kopo zima hospitali likaharibiwe, huku akisema kwamba na yeye, aliyeacha dozi katikati, ana lake la kujifunza. Juu kabisa palikuwa na daftari. Baba alilifungua.

"Jumanne," alisoma kwa sauti. "Nimetia vidonge vinne vya rangi mbili. Sikununua ndoo. Nilisema umeme ulikatika. Haukukatika. Raghad."

Akafumba daftari, akamketisha binti yake karibu naye.

"Vile vidonge havitibu vinukta, mwanangu. Vimeua vijidudu vizuri vinavyosafisha maji yetu, maji yakawa sumu. Hukujua, na asiyejua hufundishwa. Lakini uliponiambia umeme, mimi ninayewapenda samaki hawa ndiye niliyeamuru waachwe ndani ya sumu usiku kucha. Unaelewa? Ulinifanya nimtibu mgonjwa mwingine, asiyekuwepo. Kinyozi angepona siku ileile jioni."

Raghad alilia. Baba alimwacha alie.

"Huenda umejiuliza moyoni kwa nini daftari nililiandika la kwanza," aliendelea kwa upole. "Ni kwa sababu hakuna daktari, wa samaki wala wa watu, anayeweza kumsaidia mgonjwa kama hakuambiwa ukweli. Dawa inakuja baadaye."

Akatoa mfukoni chupa ndogo aliyoinunua, akaiweka sandukuni, chini ya daftari.

Bibi Arusi alitibiwa ndani ya ndoo kwa majuma mawili, na Raghad aliandika kila tone. Siku aliporudishwa tangini, Bwana Arusi alimzunguka mara nyingi hata Hope akapiga vigelegele. Asubuhi iliyofuata Raghad aliwasha taa, akahesabu. Bwana Arusi, yupo. Bibi Arusi, yupo. Akalitazama jiwe alilokuwa akikaa Kinyozi, akafungua daftari, akaandika: "Kinyozi, hayupo."