Nusu ya Hadithi ya Bwana Valji

Jumamosi Esperance haendi kiwandani. Hupika sabuni. Siku hiyo jiko la nyumba yao ya Riverside, mjini Buffalo, Marekani, lilinuka mafuta ya mawese aliyonunua duka la Bailey Avenue. Wanawake wa kanisani waliipenda sabuni yake. Ya dukani, walisema, inanukia tu, haitoi uchafu.

Huku akikoroga, alimsimulia binti yake Josiane, mwenye miaka sita, habari za Bwana Valji. Kila Jumamosi ilikuwa hiyo hiyo.

"Muhindi ule alitoka kwao na nguo moja. Alitembeza chumvi kando ya ziwa, wakati wa Wabeleji. Bon, akaona watu wana mawese mingi, lakini sabuni inatoka Ulaya. Akaanza kupika na sufuria moja tu, mu jiko ya muke wake. Kisha akajenga fabriki kubwa kule Usumbura, Bujumbura ya leo. Babu yangu alikoroga sabuni pale. Donc, na sisi tutaweza."

Sufuria moja, jiko moja: Esperance aliiga vyote. Soda kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, aliiyeyusha katika maji. Iliyobaki akaitia kwenye chupa ya juisi, akaiweka kando ya sinki. Ndivyo walivyofanya kwao Uvira, Kongo.

Simu ikalia chumbani. Aliporudi, kifuniko cha chupa kilikuwa mezani. Josiane ameshika mdomo kwa mikono miwili. Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi.

"Umekunywa? Josiane, umekunywa?"

Mtoto akatikisa kichwa kukataa. Lakini mdomo wa chini ulikuwa umeanza kuvimba.

Esperance alikimbilia dumu la mafuta. Akachota kikombe kizima cha mawese. Kwao, aliyekunywa sumu hunyweshwa mawese ili atapike.

"Kunywa, mama. Kunywa mbio!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Alikuwa Agata, jirani yao Mrundi, amekuja kuchukua sabuni yake. Aliona chupa, akaona kikombe. Akakipiga kikombe kikaanguka.

"Usimtapishe! Dawa hii huunguza ikishuka, na ikirudi huunguza tena. Msuuze mdomo kwa maji, ateme. Mimi napiga simu."

Alipiga 1-800-222-1222, namba ya msaada wa sumu. Ni bure, saa zote, na ukiwaambia "Swahili" wanakutafutia mkalimani. Waliuliza: amekunywa nini, lini, ana umri gani, anapumua vizuri? Wakasema asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

"Angeshindwa kupumua, tungepiga 911 ya ambulansi kwanza," Agata alisema njiani.

Hospitalini daktari alimchukua mtoto ndani. Wao wakangoja. Esperance aliutazama ule mlango bila kupepesa.

"Mama Agata, ulijua namna gani?"

"Mama yangu alikuwa yaya nyumbani kwa Valji."

"Valji wetu?"

"Huyo huyo. Ile sufuria ya jikoni ilikuwepo kweli. Na mtoto wake wa kwanza alikuwepo pia. Alikunywa dawa kwenye chupa ya juisi. Wakamnywesha mawese, akatapika. Hakupona. Ndipo Valji akajenga kiwanda mbali na nyumba. Dawa akaifungia chumba cha peke yake, na chupa ya kinywaji haikuvuka mlango ule tena. Watu walisimulia utajiri wake, Esperance. Mama yangu ndiye aliyemwosha yule mtoto kabla ya kuzikwa."

Esperance alilia, wala hakujificha.

Daktari akatoka. Alisema Josiane alikuwa ameonja tu, akatema. Mdomo umeungua, koo ni zima.

Sasa sabuni hupikwa kwenye gereji ya nyumba, mtoto akiwa kwa Agata. Esperance huvaa glavu na miwani ya kazi. Dawa hubaki kwenye kopo lake lenye maandishi, ndani ya sanduku la kufuli, na ufunguo anao shingoni. Namba ya sumu imebandikwa kwenye friji.

Juzi Delfina wa kanisani alikuja kujifunza. Alitaka kuona sufuria. Esperance akamwambia akae kwanza.

"Bon, nitakuambia habari ya Bwana Valji," alisema. "Alikuwa na mutoto."