Kijiti cha Gati

"Amerudi," Mama Veronika aliniambia kabla sijamaliza shikamoo.

"Nani, mama?"

"Gati. Yuko humo ndani anamtetemesha mwanangu."

Gati alikuwa mke wa Waitara, huyo mwanawe. Tulimzika hapa Itiryo miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu. Mimi ni Atieno, mhudumu wa afya wa kijiji. Tangu Waitara atume wazee kwetu Rorya kunichumbia, homa ilikuwa imempata mara tatu. Kila nikimpima, kijiti cha kupimia malaria kinaonyesha mstari mmoja tu. Hana malaria.

Nilimkuta amejifunika mablanketi mawili, na nje jua linawaka.

"Daktari wa vijiti," alisema, meno yakigongana. "Leo umekuja na mistari mingapi?"

"Nyamaza, lete kidole."

"Chukua. Nyie Wajaluo mnapenda vya bure."

"Na nyie Wakurya mkichomwa sindano mnalia kimya kimya."

Alicheka. Kisha akatazama kona ya chumba, akaacha kucheka.

Kijiti kilitoa mstari mmoja tena. Safari hii nilipaka damu kwenye kioo cha darubini pia, na tone jingine nikalidondosha kwenye karatasi ya watafiti, kama tunavyofanya kwa kila mwenye homa. Nikampelekea Godwin wa maabara.

Siku tisa baadaye Waitara alinitumia meseji: "Atieno usije tena. Mama anasema Gati hataki. Na mimi naona ni kweli."

Nilikuwa bado naisoma Godwin alipopiga.

"Majibu ya mtu wako yametoka. Ana malaria."

"Kijiti kimekataa kila mara!"

"Vijiti vyetu vinamtafuta yule mdudu tuliyemzoea. Huyu ni jamii nyingine. Anajificha kwenye ini miezi mingi, halafu anarudi. Na hata hao wako wa aina mbili. Kwenye darubini ni kama mapacha, wanaweza kukaa kwenye damu ya mtu mmoja, lakini hawazaliani."

"Anatibika?"

"Anatibika. Mlete tupime kama damu yake inaihimili dawa, halafu atameza siku kumi na nne. Na kuna jingine. Atieno, wamepima na karatasi za zamani. Ya Gati Heche imo."

"Gati wa Waitara?"

"Yeye alikuwa na yule mdudu wa kawaida, yule mkali. Ila wa kizazi kilichopoteza kile kipande cha vinasaba ambacho kijiti hukitegemea. Damu yake ilikuwa imejaa wadudu. Kijiti kisingeweza kumwona."

"Alikuwa anatetemeka kwenye benchi, Godwin. Nilimwona. Nikamwambia hana malaria, aende nyumbani. Sikumtuma kwenye darubini."

"Najua," alisema polepole.

Ningeweza kumpelekea Waitara nusu ya majibu. Angepona, angenioa, na hakuna ambaye angeuliza. Usiku kucha niliiwaza ile nusu.

Asubuhi nilimkuta nje, anaota jua. Mama alikuwa anapukuchua mahindi.

"Nilikuandikia usije."

"Nina neno moja, halafu nitaondoka. Gati alikufa kwa malaria. Kijiti changu kilimkosa, na mimi nikakiamini kuliko macho yangu. Ningemtuma hospitali siku ile, pengine angekuwepo."

Mahindi yaliacha kuanguka kwenye ungo.

Waitara aliingia ndani. Alirudi na kijiti kimefungwa kwenye leso. Niliujua mwandiko: Gati, saa 4:10. Ulikuwa wangu.

"Alikuomba aondoke nacho. Unajua kwa nini?"

"Alisema anataka kukuonyesha."

"Nilimwambia anajilegeza ili akwepe palizi. Akaja na hiki, nione kwamba kweli alikwenda kupima. Nikakisoma. Nikamwambia, basi kama si malaria, chukua jembe. Alipalilia siku mbili, Atieno."

"Baba," mama alisema, "hilo hukuniambia."

"Ningelisemaje, mama?"

Mama aliusogeza ungo pembeni.

"Na homa yangu hii?" Waitara aliniuliza.

"Siyo ya Gati. Mdudu wako na wake ni jamii mbili. Haikutoka kwake."

Nilidhani mama angefurahi. Alifunika uso kwa khanga, akalia.

"Kumbe si yeye," alisema. "Kumbe hajarudi."

Waitara alikuwa anakizungusha kijiti mkononi.

"Mimi nilikuwa naingoja homa. Nikitetemeka namwona amekaa pale konani na jembe lake. Hasemi kitu. Nikimeza hiyo dawa, haji tena?"

"Sijui. Homa ndiyo haitarudi."

Niliinuka niende.

"Unakwenda wapi?" alisema. "Tulimrudisha shambani wawili. Usiniachie peke yangu."

Kesho yake tulikwenda kwa Godwin kwa bodaboda, tukarudi na dawa. Mama alitoa kikombe cha bluu kilichokuwa juu ya kabati tangu msiba, kikombe cha Gati. Alikisuuza mara mbili, akajaza maji, akaniwekea mimi mkononi.

"Mpe wewe. Na kesho uje umpe."

Nilikwenda siku zote kumi na nne. Siku ya mwisho Waitara aliishika dawa kwa muda mrefu, akiitazama ile kona, kisha akameza.

"Kwaheri, Gati," alisema.

Tulifunga ndoa mwezi wa nane, na homa haijarudi. Kijiti tumekiacha kwenye leso yake, kabatini.

Siku hizi mwenye homa akija, hata kijiti kikitoa mstari mmoja, namtuma kwenye darubini. Wengine wananung'unika kwamba ni mbali. Nawabembeleza. Na kila ninapouona ule mstari mmoja namsikia Gati, mpole, anatetemeka, ameshanyoosha mkono:

"Dada Atieno, naweza kuondoka nacho?"