Mikanda Miwili ya Kiuno

Kila jioni, Chiriku na binamu yake Kimya waliokota nyuzi chini ya cherehani ya shangazi. Shangazi alikuwa fundi nguo, na sebule ndiyo ilikuwa karakana yake. Kimya alikuwa mwanawe wa kumzaa. Chiriku, mtoto wa kaka yake, alikuwa amehamia kwake mwaka ule. Majina hayo ya utani aliwapa yeye: mmoja hakauki maneno, mwingine neno humtoka kwa koleo.

Lakini wiki ile aliyenyamaza ni Chiriku. Shangazi alikuwa akiwashonea sketi za kwaya, na kila Chiriku alipoingia, mama na mwana waliacha kunong'ona.

"Mnasema nini?"

"Mambo ya wakubwa," Kimya alijibu, akificha kitu mgongoni.

"Mkubwa gani? Si tunavaa kiatu saizi moja!"

Wakacheka. Chiriku hakucheka. Damu nzito kuliko maji, aliwaza. Hata chai aliiona imejaa zaidi kwenye kikombe cha Kimya.

Ikabaki siku moja tu kabla ya kuimba. Shangazi alitoka kumpelekea mteja nguo, akaacha mezani mikanda miwili ya kiuno, iliyopinda kama mwezi mchanga, mmoja chini ya mwingine. Wa chini ulitiwa alama ya uzi mwekundu: ulikuwa wa Kimya. Na ulikuwa mrefu zaidi!

Chiriku aliinama, akafumba jicho moja. Mrefu tu. "Nilijua!" alinong'ona. Akashika mkasi, akaupunguza mkanda wa Kimya mpaka machoni pake ikalingana.

Jioni, sketi ya Kimya ilikataa kufunga. Shangazi alivuta, Kimya akabana tumbo, wapi!

"Nani amegusa meza yangu? Na kitambaa kimekwisha!"

"Basi sitaimba," Kimya alisema, machozi yakimlengalenga.

Chiriku alisogea mbele. "Ni mimi, shangazi. Ulimkatia mwanao mrefu, mimi mfupi."

Shangazi aliweka sketi chini. Hakufoka. Akatandaza mkanda wa Chiriku mezani, na upande wake wa chini akalaza karatasi ya kipimo aliyokatia yote miwili.

"Upi mrefu?"

"Karatasi."

Akaihamishia karatasi upande wa juu wa mkanda. "Na sasa?"

Chiriku alipikicha macho. "Mkanda wangu! Umerefukaje?"

"Pima."

Alipima kwa futi, akarudia. Vilikuwa sawasawa.

"Ukingo wa chini wa kile cha juu ni mfupi," shangazi alieleza. "Umekaa jirani na ukingo mrefu wa kile cha chini. Akili inalinganisha hizo mbili, inadanganyika. Hata mimi huona hivyo, ndiyo maana futi haitoki shingoni."

"Na kunong'ona je?"

Kimya akachomoa kitambaa kidogo nyuma ya cherehani. Kilikuwa mfuko, umetariziwa ndege mwenye mdomo wazi.

"Wa sketi yako," alisema. "Wewe si ndiye uliyelilia mfuko?"

Chiriku aliushika, akamtazama yule ndege. Kisha akampa shangazi mfuko ule pamoja na mkasi. "Ukate huu, uunge mkanda wa Kimya, shangazi. Mimi nitaimba bila mfuko."

Shangazi akamvuta kifuani. "Mwanangu, jicho huleta habari nusu, na moyo wenye shaka hujazia nusu iliyobaki. Ukiona jambo linakuuma, pima. Usipoweza kupima, uliza. Usianze na mkasi."

Kesho yake Kimya aliimba mstari wa mbele, sketi imemkaa sawasawa, na kiunoni pake kulikuwa na ndege mwenye mdomo wazi.