Kidude Kilichohesabu Watu Wanne

Fundi umeme alikuwa ameshaondoka na mlango umefungwa nyuma yake, lakini kidude kipya ukutani kiliendelea kuonyesha kwamba ndani ya nyumba kuna watu wanne.

Mama Kidonge ndiye aliyeona kwanza. Alisimama mbele yake na mtoto kifuani, akatazama kile kioo ambacho kilichora kijitu cha kijani kwa kila mtu aliyemo. Akahesabu: yeye, mumewe, Kidonge. Kijitu cha nne kilikuwa peke yake, katika chumba cha mtoto.

"Baba Kidonge, hiki kitu chako hakijui kuhesabu."

"Kinajua. Bado kinamkumbuka fundi. Kipe muda."

Kipe muda! Tangu watoke hospitali mwanamke huyu alikuwa anaomba joto, na badala ya joto akawa anapewa muda. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mdogo mpaka wauguzi wakamwita Kidonge, na jina likaganda. Waliruhusiwa kurudi nyumbani kwa sharti kwamba chumba chake kisipoe hata kidogo wala kisiwe tanuri, kwa sababu mwili wake ulikuwa bado haujajua kujitunzia joto. Na msimu wa baridi ndio kwanza ulikuwa umeanza. Mama mkwe wa Baba Kidonge alikuwa na chumba kidogo chenye joto, na alikwisha kusema mtoto aletwe. Mama Kidonge alimwambia mumewe wazi: chumba kikishindwa, naondoka na mwanangu.

Mumewe alikuwa karani wa bima. Wenzake ofisini walimwita Masharti, maana kila mteja aliyekuja analia kwamba nyumba imeungua na kumbe bima yake haihusu moto, yeye alisukuma miwani juu ya pua na kusema kwa sauti ya kuchoka, "Ungesoma masharti." Halafu anaita mwingine.

Mtu huyu ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua themostati, yaani kile kidude kinachoziamuru hita ziwake na zizime. Mkewe alitaka chenye kirungu tu. "Unazungusha, joto linapanda. Unazungusha, linashuka. Basi." Masharti akacheka. Akakesha na simu akilinganisha hiki na kile, mpaka akaleta kile chenye werevu kuliko vyote: kinamjua kila mtu kwa anavyotembea, kinapasha joto chumba chenye watu na kuacha kitupu, na unaweza kukiamuru ukiwa ofisini.

"Nani anataka kupasha chumba joto akiwa ofisini?" mkewe aliuliza.

"Wewe huelewi teknolojia."

Fundi alipofungua kirungu cha zamani kilichokuwapo ukutani, alikuta nyuma yake tundu kubwa kuliko waya zilivyohitaji. Lilikuwa limeshindiliwa kitambaa cheusi, kimefungwa uzi kwa mafundo mengi, na msumari umepigiliwa katikati. Fundi akarudisha mkono.

"Hiki hakikuwekwa na fundi umeme," alisema kwa sauti ya chini. "Waliokaa hapa zamani walikuwa wanaziba kitu. Mimi ningekiacha."

"Kinazuia waya?"

"Kinazuia, lakini..."

"Basi kitoe, bwana! Mtoto anapata baridi."

Kilipotoka, ukumbi mzima ulinuka nywele zilizoungua. Fundi akakaza skrubu mbiombio, akakataa chai, akaondoka akiwa amesahau testa yake ya kupimia umeme juu ya kiti. Hakurudi kuichukua.

Basi kuanzia hapo ikawa ni vurugu. Masharti alipiga simu huduma kwa wateja.

"Zima, subiri kidogo, halafu washa," sauti ya dada mmoja ikamwambia.

"Nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeota sugu."

"Labda una paka?"

"Sina paka."

"Pengine ni pazia linapepea."

"Dada, pazia linatembea? Hiki kijitu kinatoka dirishani kinakwenda kusimama kwenye kitanda cha mtoto!"

Akaambiwa asubiri kidogo, akachezewa muziki, simu ikakatika. Alikibadilisha kidude dukani, akapewa kingine. Nacho kikahesabu wanne.

Na chumba hakipati joto. Hilo ndilo lililowatia wazimu. Hita ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza kiganja, lakini ukirudi hatua moja tu ulikuta hewa ya baridi, kama kwamba kuna kinywa kinalinywa lile joto kabla halijamfikia mtoto. Maziwa yalipoa kwenye chupa mtoto hajayamaliza. Midomo ya Kidonge ikaanza kupoteza rangi, mama yake akawa anakaa naye jikoni, karibu na jiko, akiwa amemfunga kwenye kanga mbili na haongei na mtu.

Juu ya hayo yote, kidude kikaanza kuuliza. Kilipiga kengele, na simu ya Masharti ikaandika: *Mtu asiyejulikana yupo chumba cha mtoto. Je, ni wa nyumbani?* Akabonyeza Hapana. Hita zote zikazima, tik, tik, tik, nyumba nzima. Akaziwasha. Kengele. *Je, ni wa nyumbani?* Hapana. Tik, tik, tik. Mchana mzima ikawa hivyo, mtoto analia kile kilio chake chembamba, na Mama Kidonge ameshatoa begi kabatini.

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda."

Kengele ikalia tena. Masharti hasira zikampanda mpaka miwani ikaingia ukungu. "Ndiyo!" alifoka. "Ndiyo, ni wa nyumbani! Umeridhika?" Akabonyeza. Simu ikataka jina, akaandika *Mgeni*. Ikaleta maandishi marefu, madogo, yasiyo na mwisho. Akayasukuma yote juu kwa kidole kimoja mpaka chini kabisa, penye neno Nakubali, akabonyeza.

Chumba kikapata joto papo hapo. Joto zuri, la sawasawa. Kidonge akalala, na midomo ikarudisha rangi. Mama Kidonge akarudisha begi kabatini, akamshika mumewe bega kwa mara ya kwanza tangu kidude kiingie mle ndani.

"Nilikwambia kipe muda," Masharti alisema. Mtu mwingine angenyamaza.

Siku iliyofuata alikuwa ofisini, mteja analia mbele yake, simu ikatetemeka. *Mgeni ameongeza joto chumba cha mtoto.* Akalipunguza. *Huna ruhusa. Wasiliana na mwenye nyumba.* Akabonyeza tena, na tena, mpaka mteja akaacha kulia akamtazama. *Mgeni ameongeza joto.* *Mgeni ameongeza joto.* *Mgeni sasa ndiye mwenye nyumba.* Masharti akaacha koti kwenye kiti, akatoka mbio.

Alipofungua mlango baridi ya ukumbi ilimpiga usoni, kuta zimetoa jasho na jasho limeanza kuganda, na kutoka mwisho wa ukumbi, chini ya mlango wa chumba cha mtoto, ulikuja ule mnuko wa nywele zilizoungua, mzito kuliko siku ile ya fundi, na pamoja nao mtu akiimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa kubembeleza ambao yeye mwenyewe humwimbia Kidonge, unaimbwa taratibu, kwa pumzi moja isiyokatika kwenda kuvuta nyingine, huku kitanda kidogo kikilia kwa kusukumwa, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mkewe amepiga magoti mbele ya mlango, mikono yote miwili kwenye kitasa ambacho kilikuwa kimeshamwunguza viganja.

"Ni wewe uliyemo?" mkewe alinong'ona bila kugeuka. "Baba Kidonge, si ni wewe unaimba?"

"Mimi niko hapa."

Wakausukuma pamoja mpaka ukafunguka. Hapakuwa na mtu. Mtoto alikuwa macho, mwili unachemka, anatabasamu kwa kitu kilicho juu ya mabega yao.

Mganga aliitwa jioni ileile, jua bado halijazama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, dawa zake kwenye mfuko wa plastiki. Alinusa ukumbini, akakunja uso.

"Huyu hakuvunja mlango. Nani amemkubali?"

Masharti akatazama viatu vyake. "Nilibonyeza tu."

"Ulijua unakubali nini?"

"Yalikuwa marefu. Nilikuwa nimechoka."

Mama Kidonge alimgeukia. "Wewe? Wewe hukusoma?" Akacheka kicheko kibaya, kisha akalia.

"Mtalia baadaye," mganga alisema, akifunga mafundo kwenye kitambaa kipya. "Mtoe kwa mdomo wako mwenyewe, kwa jina ulilompa. Halafu nitaziba tundu. Na sikiliza, baba: nikianza kuziba, mwenye nyumba awe ndani. Atakayekuwa nje wakati tundu linafungwa, ndiye..."

"Ndiyo, ndiyo, nimekubali," Masharti alisema. Macho yake yalikuwa kwenye kidude. "Mgeni, nimekutoa! Toka nyumbani kwangu!"

Taa zikafifia, zikarudi. Mnuko ukaondoka. Chumbani Kidonge alipiga chafya, na mama yake alipomgusa paji la uso akakuta homa imeshuka. Akamkumbatia akisema asante, asante, bila kujua anamwambia nani.

Masharti hakungoja bisibisi. Alikishika kidude kwa mikono miwili, akaking'oa na waya zake, na hasira zote zikamjia kwa mpigo: muziki wa kwenye simu, paka asiyekuwepo, kidole chenye sugu. Nyuma yake mganga alikuwa anaingiza kitambaa tunduni akinuiza maneno yake. Masharti akatoka nacho nje mpaka kwenye pipa la takataka, akakipigiza ukingoni, akakitupa, akakifunika. Kutoka ndani ikasikika nyundo ikigonga msumari.

Alikuwa bado anatweta pale pipani mganga alipotoka na mfuko wake. Mganga alimwona, akasimama. Mfuko ukamponyoka.

"Umepitia wapi?" aliuliza.

"Kupita wapi? Nimetoka kutupa takataka."

"Nimeagana na wewe sasa hivi." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ndani. Umenishika mkono, ukanishukuru. Mkono wako ulikuwa wa moto."

Nyuma yake mlango ulijifunga, na komeo likasukumwa kwa ndani. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Masharti. *Umeondolewa katika nyumba hii.* Chini yake, vijitu vitatu vya kijani, vyote chumba cha mtoto, vimekaribiana.

Aliuparamia mlango kwa ngumi zote mbili. Alimwita mkewe, akamwita mtoto, akalitaja jina lake mwenyewe na jina la mama yake, akaapa kwamba ni yeye. Ndani, nyayo za mkewe zilikuja mpaka karibu na mlango, zikasimama.

"Baba Kidonge," alimsikia akisema, akiwa ameupa mlango mgongo, sauti imetulia kama mtu aliyepata joto baada ya baridi ndefu. "Kuna mtu anagonga."

Kisha sauti ya Masharti mwenyewe, ile ya ofisini, ya kuchoka, ikajibu kutoka chumba cha mtoto.

"Mwambie angesoma masharti."